NYUMBA NA MAISHA: Mvinyo Wenye Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo husikika kila siku sokoni, lakini ni nadra kuulizwa ni jambo gani hasa linalokifanya kizuri kijiuze. Wengine hudhani ni utamu, wengine hudhani ni bei, na wako wanaoamini kwamba ni maandishi ya kigeni yaliyobandikwa juu ya chupa. Kisa cha mfano kinachofuata, cha mama mmoja wa kambi ya polisi ya Nsambya na fundi mmoja wa Katwe, kitasaidia kulijibu swali hilo.

Mama huyo ni mke wa koplo wa polisi. Mume ni mzaliwa wa Arua, mke ametoka upande wa Masaka, na lugha ya nyumba yao ni Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kambini. Wana watoto wanne, na wawili kati yao wako shule ya sekondari. Koplo amebakiza miaka michache kabla ya kustaafu. Kila mwisho wa mwezi mazungumzo ya mume na mke hurudi pale pale: kiinua mgongo kitakapokwisha, nyumba itakula nini?

Siku moja walialikwa katika karamu ya kumuaga afisa mmoja. Mezani pa wakubwa palikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu kutoka Afrika Kusini, na mama naye akamiminiwa nusu bilauri. Kwanza aliuona una ukakasi kama ndizi isiyoiva, kisha ladha ya matunda ikamfuata polepole na kukaa mdomoni. Alipotajiwa bei ya chupa ile, alishtuka. Fedha hizo zingeweza kununua unga, maharagwe na sukari ya nyumba yake kwa majuma kadhaa.

Usiku ule hakupata usingizi mapema. Alikumbuka shamba la mama yake mzazi karibu na Masaka, lenye migomba ya mbidde ambayo pombe yake huuzwa kwa bei ya chini kabisa. Akajiuliza: ikiwa familia moja ya mbali huweza kuuza maji ya matunda yao kwa bei ile, kwa nini familia yake isiweze? Swali hilo lilikuwa la haki. Ili kulijibu, inafaa kwanza kuieleza ile chupa.

CHUPA ILIYOKUWA MEZANI

Mvinyo mwekundu wa hali ya juu aghalabu si wa zabibu za aina moja. Huwa ni mchanganyiko, na desturi ya kuchanganya imesifika hasa katika jimbo la Bordeaux huko Ufaransa. Zabibu ziitwazo Cabernet Sauvignon zina punje ndogo na ganda nene, nazo huupa mvinyo ukakasi na nguvu ya kukaa miaka mingi bila kuharibika. Zabibu za Merlot huiva mapema zaidi na hulainisha ladha. Zabibu za Cabernet Franc huongeza harufu nzuri. Mkulima mwenye aina zote tatu ana kinga pia dhidi ya hali ya hewa, kwa kuwa haziivi siku moja. Mvua ikiharibu moja, nyingine huenda ikasalimika. Rangi nyekundu hutoka katika ganda, wala si katika maji ya zabibu, na kwa sababu hiyo maji huachwa yachachuke pamoja na maganda yake.

Mfano mashuhuri wa mvinyo wa namna hiyo barani Afrika ni ule uitwao Rubicon, unaotengenezwa katika shamba la Meerlust, karibu na mji wa Stellenbosch nchini Afrika Kusini. Shamba hilo limekuwa mikononi mwa ukoo wa Myburgh tangu mwaka 1756. Mavuno ya kwanza yaliyotiwa katika chupa kwa jina la Rubicon yalikuwa ya mwaka 1980. Askari wengi wanaijua asili ya jina lenyewe: Rubicon ni mto wa Italia ambao Julius Caesar aliuvuka pamoja na jeshi lake mwaka 49 kabla ya Kristo, kinyume cha amri ya serikali ya Roma, na tangu hapo kuvuka mto huo kukawa na maana ya kufanya uamuzi usiorudishwa nyuma.

Mvinyo huo hukaa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa takribani mwaka mmoja na nusu, kisha hukaa tena katika chupa kabla ya kuuzwa. Muda wote huo fedha za familia zimelala, mapipa yanahitaji kukaguliwa, na hakuna shilingi inayoingia. Sehemu ya bei ya chupa ni malipo ya subira hiyo.

Lakini jambo lenye fundisho kubwa zaidi ni hili: katika miaka ambayo mavuno hayakufikia kipimo, nyumba hiyo haikutoa Rubicon kabisa. Mvinyo wa miaka hiyo uliuzwa kwa jina la chini, Meerlust Red, na kwa bei ya chini. Familia ilikubali hasara ya mwaka mzima ili jina la chupa yake lisidanganye mtu. Mnunuzi anayelipa bei kubwa hanunui zabibu peke yake. Ananunua uhakika kwamba yuko mwenyewe anayelijibia lile jina, na kwamba mwenyewe huyo amekwisha kuthibitisha kuwa yu tayari kupata hasara kwa ajili yake.

Pamoja na sifa hizo, si kila jambo la mashamba ya Rasi linafaa kuigwa. Mizabibu ya huko ilitunzwa kwa mikono ya watumwa hadi sheria ilipoufuta utumwa mwaka 1834. Baada ya hapo, vibarua wa mashamba mengi walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na desturi hiyo ikaharibu afya ya wazazi na watoto kwa vizazi vingi. Mwenye kutamani kutengeneza mvinyo nyumbani hana budi kukumbuka hilo: mlevi wa kwanza asiwe yeye mwenyewe, wala mtu anayemsaidia kazi.

SHAMBA LA NYUMBANI

Je, mizabibu ingeweza kupandwa Masaka? Mzabibu hupenda kipindi kirefu cha ukavu, na unyevu mwingi huuletea ukungu katika majani na matunda. Ndiyo maana katika Afrika Mashariki mji uliojulikana zaidi kwa zabibu ni Dodoma, nchini Tanzania, ambako mvua ni chache na wakulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kilimo hicho kililetwa huko na wamisionari waliohitaji mvinyo wa ibada, kikaenea hata kwa wakulima wadogo. Kusini mwa Uganda, penye misimu miwili ya mvua karibu na Ziwa Viktoria, mmea wenye baraka ni mgomba.

Na mgomba una elimu yake ya kale. Mbidde, kayinja na kisubi ni ndizi za kukamuliwa. Huivishwa kwa joto, katika shimo lililofunikwa kwa majani au juu ya meko, kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi za lusenke mpaka maji matamu yatoke. Maji hayo huitwa omubisi. Yakitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa usiku mmoja au zaidi katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, huwa pombe ya tonto. Wazee waliochagua ndizi hii kwa utamu na ile kwa ukali, wakazichanganya kwa kipimo walichokijua wenyewe, walifanya kazi ile ile ya mtengeneza mvinyo wa Bordeaux.

Tofauti iko mahali pawili. Kwanza, tonto haikai. Kwa siku chache tu huanza kuwa chungu, hivyo mwenye nayo hulazimika kuiuza upesi kwa bei yoyote. Pili, tonto ikitoka nyumbani kwa mpishi wake haina jina tena. Humiminwa katika madumu, huchanganywa na ya watu wengine, huongezwa maji njiani, na mnywaji wa mjini hajui imetoka kwa nani. Mama yake yule mke wa koplo alikuwa na sifa kijijini kwa usafi wa pombe yake, lakini sifa hiyo iliishia kwenye lori la mchuuzi. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu jina lilikuwa limepotea.

PIPA LA KATWE

Mama alipolielewa hilo, alifanya haraka kuliko inavyostahili. Alichukua mkopo wa shilingi milioni mbili katika chama cha akiba, mume akaweka saini, naye akashuka Katwe kutafuta pipa la kuchachushia.

Katwe iko kandokando ya barabara ya Entebbe, chini ya kilima cha Mengo, na kutoka Nsambya ni mwendo wa miguu usio mrefu. Kutwa husikika nyundo na mashine za kuchomelea. Vyuma chakavu huingia upande mmoja, na upande mwingine hutoka milango, vitanda, majiko, masufuria na mashine za kusaga. Husemwa mjini kwamba kisichopatikana kwingine kitaundwa Katwe. Kando ya barabara mama aliona pipa la bluu la lita 200, likiuzwa kwa bei nafuu. Muuzaji aliapa kwamba limeoshwa mara tatu. Mama akalibebesha kwenye mkokoteni mpaka kwa fundi mmoja mzee, ili litobolewe na kuwekewa koki.

Fundi alilizungusha pipa, akainamisha uso, akanusa ndani. Kisha akalisukuma kando kwa mguu.

“Nnyabo, pipa hili lilikuwa na kitu gani?”

“Sijui, Hajji. Wameniambia limeoshwa.”

“Kama hujui lilikuwa na nini, utajuaje kwamba limetoka? Plastiki hunywa dawa kama nguo inavyonywa mafuta. Mvinyo wako utaitoa polepole, na watu watainywa.”

Mama akauliza basi kama anaweza kuundiwa pipa la mabati, maana mabati ni rahisi. Fundi akatikisa kichwa tena. Alimweleza jambo ambalo kila mwenye nyumba angefaa kulijua. Maji ya matunda yana asidi, na yakichachuka huendelea kuwa na asidi. Asidi hiyo huyeyusha zinki iliyopakwa juu ya mabati, na zinki hiyo huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Chuma cha kawaida hushika kutu, kikautia mvinyo weusi na ladha mbaya. Alumini hulika vishimo vishimo. Hatari kubwa kuliko zote ni risasi iliyomo katika baadhi ya lehemu za kuungia vyuma, kwa sababu risasi hukusanyika mwilini kidogo kidogo, bila dalili za haraka, na hudhuru hasa akili za watoto wadogo na mimba.

Chuma kinachofaa ni kile kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, cha namba 304 au 316. Watu wengi hukijaribu kwa sumaku, ikinata, hukikataa. Jaribio hilo ni la mwanzo tu, kwani ziko aina duni za stenlesi ambazo nazo hazishikwi na sumaku. Ni afadhali kununua bamba jipya lenye namba yake kutoka duka linalotoa risiti. Kisha maungio ya ndani hayana budi kuchomelewa kwa gesi ya agoni na kusuguliwa mpaka yawe laini, maana katika kila mkwaruzo na kila kishimo vijidudu hupata maficho ambayo hakuna brashi itakayoyafikia.

Fundi alipopiga hesabu ya bamba, gesi na kazi, mkopo wote ulikwisha na ukahitaji nyongeza. Mama akanyamaza. Hapo fundi akamwambia maneno ambayo mfanyabiashara mwingine asingeyasema.

“Usinipe kazi hii leo. Nunua ndoo mbili mpya za plastiki ya chakula, za lita 30. Jifunze kwanza. Ukifaulu mara tatu mfululizo, rudi nikuundie pipa. Pipa baya likitoka hapa na kudhuru watu, hawatauliza jina lako. Watasema limetengenezwa Katwe.”

Mama aliondoka bila pipa, akiwa na fedha karibu zote za mkopo. Jioni alipomsimulia mume, koplo alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba laiti kila mtu anayepita mbele ya dawati la polisi angekuwa na fundi kama huyo wa kumshauri, kesi zingepungua.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Ndoo ya plastiki ya chakula hutambulika kwa alama ya bilauri na uma iliyochapwa chini yake, na iwe mpya. Vyombo vingine ni mpira mwembamba safi wa kuhamishia mvinyo, chupa za kioo, kitambaa cheupe cha kuchujia, na kipimo cha kioo kinachoelea, kiitwacho haidromita, cha kupimia uzito wa sukari katika maji. Kila chombo huoshwa kwa sabuni, husuuzwa sana, kisha hutiwa dawa ya kuulia vijidudu kulingana na maelezo ya pakiti. Nusu ya kazi ya mvinyo ni kuosha.

Kwa lita 20 za mvinyo mwekundu wa nyumbani, huhitajika lita 16 za omubisi uliochujwa vizuri, lita 4 za maji, na gramu 400 za maua makavu ya rosela, ambayo Watanzania huyaita choya na ambayo askari waliokwenda Sudani huyajua kwa jina la karkade. Maua hayo huupa mvinyo wekundu na uchachu ambao ndizi peke yake haina. Maji huchemshwa, maua hutumbukizwa humo kwa nusu saa, kisha huchujwa. Omubisi hupashwa moto mpaka nyuzi 70 kwa dakika kumi katika sufuria ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka, kisha huachwa upoe kabisa. Hapo vyote viwili huchanganywa katika ndoo ya lita 30, ili ibaki nafasi ya povu.

Haidromita ikisoma 1.080 hadi 1.090, sukari inatosha kwa mvinyo wa takribani asilimia 11. Ikisoma chini ya hapo, kila gramu 17 za sukari kwa lita moja huongeza karibu asilimia moja. Kisha hutiwa hamira ya mvinyo, gramu 5 zilizoloweshwa kwanza katika maji ya vuguvugu. Hamira ya mkate huweza kuchachusha, lakini huacha ladha ya unga na huchoka mapema.

Ndoo hufunikwa, na kifuniko hutobolewa tundu la mpira mwembamba ambao ncha yake ya nje huzamishwa katika chupa ya maji. Hewa ya ndani hutoka kwa mapovu, na hewa ya nje pamoja na vijusi vya matunda haviwezi kuingia. Kamwe ndoo au chupa isifungwe kabisa wakati mvinyo ungali unachachuka, kwa maana hewa itaipasua. Vilevile hewa hiyo ni nzito na haifai kuvutwa. Kwa hiyo ndoo zisiwekwe katika chumba wanamolala watoto, wala katika stoo isiyo na dirisha. Nyumba za kambini ni finyu, na jambo hili hupuuzwa kwa urahisi.

Baada ya siku saba hadi kumi mapovu hupungua. Mvinyo huhamishwa kwa mpira kwenye chombo cha pili kilichojaa mpaka karibu na mdomo, mashapo yakaachwa chini. Hukaa hapo majuma manne hadi manane, ukahamishwa tena utakapoonekana safi. Haidromita ikisoma namba ile ile kwa siku kadhaa mfululizo, karibu na 1.000 au chini yake, ndipo mvinyo unaweza kutiwa katika chupa. Miezi mitatu ya kungoja huondoa ukali. Anayeufungua kabla ya hapo atakunywa kitu kisichokwisha kupikwa.

Kwa familia ambazo dini yao imekataza ulevi, rosela na omubisi vina faida bila kuchachushwa. Mchanganyiko huo huo, ukitiwa katika chupa safi ungali moto na kuhifadhiwa mahali pa baridi, ni kinywaji cha watoto na wageni, na soko lake ni pana kuliko la mvinyo.

SHERIA NA SUMU

Nchini Uganda, neno la pombe ya nyumbani huleta pia kumbukumbu ya misiba. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa, wengi wao katika wilaya ya Kabale, baada ya kunywa waragi iliyotiwa methano, spiriti ya viwandani isiyofaa kunywewa. Wengine walipoteza macho. Mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku pombe kali za vipakiti vya plastiki, ambazo zilikuwa rahisi kufichwa na kununuliwa hata na watoto wa shule.

Inafaa kuelewa tofauti. Maji ya matunda yakichachuka kwa hamira hutoa methano kidogo sana, isiyodhuru katika mvinyo. Hatari huja pombe inapokenekwa bila ujuzi, au mtu mwenye tamaa anapoongeza spiriti ya viwandani ili ionekane kali. Sheria ya miaka ya 1960 ilikataza kukeneka waragi bila leseni. Kwa hiyo mwenye kutengeneza mvinyo nyumbani asikeneke, na asiongeze spiriti ya namna yoyote.

Kuuza nako kuna masharti. Mvinyo unaouzwa katika chupa hauna budi kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na tangu mwaka 2019 kuwa na stempu ya kodi ya mamlaka ya mapato, URA. Leseni ya biashara ya vileo hutolewa na mamlaka ya mahali. Mke wa polisi akiuza bila hayo, humtia mumewe katika aibu ya kulazimika kufumba macho nyumbani kwake na kuyafumbua kwa jirani. Wanawake wachache wakiungana, gharama za kupimwa na kusajiliwa huwa nyepesi, na chupa zote hubeba jina moja ambalo kila mmoja wao ana wajibu wa kulilinda.

Mnunuzi naye ana wajibu. Chupa ya mvinyo wa kigeni inayouzwa kwa nusu ya bei yake, yenye kizibo kilichochubuliwa, karatasi iliyobandikwa mshazari, au isiyo na stempu, isinunuliwe hata kama ni kwa karamu ya harusi. Kumpa mgeni soda yenye mwenyewe ni heshima kubwa kuliko kumpa mvinyo wa uongo.

NDOO YA KWANZA

Ndoo ya kwanza ya mama yule haikufaulu. Alikuwa amesahau kuongeza maji katika chupa ya mpira, yakakauka, vijusi vikaingia, na baada ya majuma matano mvinyo ukanuka siki. Jirani mmoja, aliyekuwa akijiandaa kumwoza binti yake, alitaka kuununua hivyo hivyo. “Shoga, wageni watakuwa wamekwisha kulewa bia,” alisema. “Nani atakayejua?”

Karo ya muhula ilikuwa inadaiwa, na marejesho ya mkopo yalikuwa yamekaribia. Mama alifikiri usiku mmoja. Asubuhi alimpelekea jirani chupa mbili bila malipo, akamwambia ni siki ya kachumbari, na akaandika hivyo juu ya chupa. Iliyobaki aliigawa kambini.

Ndoo ya pili ilitoka nyekundu na safi. Koplo, ambaye kwa kazi yake amezoea kuandika tarehe na saa ya kila jambo, ndiye aliyebandika karatasi: tarehe ya kukamua, tarehe ya kuhamisha, tarehe ya kutia katika chupa, kijiji zilikotoka ndizi, na jina la mama mkwe wake. Hawakuuza hata moja, kwa sababu sampuli zilikuwa bado hazijapelekwa kupimwa. Marejesho ya kwanza yalilipwa kwa zile fedha za mkopo ambazo fundi alikataa kuzipokea.

Mama aliporudi Katwe hakuwa na mvinyo mkononi, kwani Hajji ni Mwislamu na hanywi. Alimpelekea chupa ya maji ya rosela na omubisi. Mzee alizima mashine, akafuta mikono kwa kitambaa, akaishika chupa na kuigeuza kwenye mwanga. Kabla ya kuonja aliisoma ile karatasi yote, mstari kwa mstari.

“Sasa,” alisema, “niambie vipimo vya pipa unalolitaka.”

“Bado, Hajji,” mama akajibu. “Ulisema mara tatu.”